Kizimba cha Saba

Asubuhi ile bakuli la maji la kizimba cha saba lilikutwa tupu, na kizimba chenyewe hakikuwa na mnyama.

Muuguzi aliliinua, akapitisha kidole ndani. Lilikuwa kavu, kama limerambwa. Jana jioni alilijaza mwenyewe kwa mazoea, mkono ukifanya kazi huku akili iko kwingine, akakumbuka baadaye kwamba mnywaji wa maji yale hayupo tena. Mnywaji alikuwa kwenye jokofu la chumba cha nyuma, amefungwa shuka, na juu ya shuka imebandikwa karatasi yenye jina lake: Hakimu.

"Panya," alijiambia. Lakini wodi yenye paka watano haina panya wa kunywa bakuli zima la maji.

Alikuwa ameitumikia hospitali ile ya wanyama miaka kumi na tisa, na mtaani walimwita Sista wa Mbwa. Hakuchukia, alisema mbwa hawajawahi kumsengenya. Wenye wanyama aliwajua kuliko walivyojijua. Kulikuwa na fundi saa aliyemwachia paka wake shati ambalo halijafuliwa, ili alale na harufu ya nyumbani. Kulikuwa na bibi harusi aliyekuja na shela kichwani kumwangalia sungura. Na kwa kuwa Daktari hakuruhusu wageni wodini, Sista mwenyewe ndiye aliyeanzisha utaratibu wa simu: mwenye mnyama hupiga, naye huisogeza simu kwenye kizimba, sauti ikafunguliwa, mtu akaongea na wake.

Hakimu alikuwa mbwa mzee wa rangi ya kahawia, mali ya mwalimu mstaafu aliyeishi mtaa wa pili. Jina alilipata kwa kazi yake. Mwalimu na marehemu mumewe walipokuwa wakibishana, mbwa alikaa katikati, akamtazama huyu, akamtazama yule, kisha akainuka na kwenda kulala miguuni kwa mwenye haki.

"Kwa kawaida mimi," Mwalimu alisema siku aliyomleta. "Marehemu alidai hakimu amekula rushwa ya mifupa."

Daktari aliandika kwenye kadi "Hakim". Mwalimu aliomba kalamu, akaongeza herufi iliyokosekana.

"Ni mbwa tu, Mwalimu," Daktari alisema akicheka.

"Ndiyo maana hawezi kukusahihisha mwenyewe."

Figo za Hakimu zilikuwa zimechoka. Alitundikiwa maji, akalala kizimba cha saba, na kila siku saa nne asubuhi Mwalimu alipiga simu. Alimweleza mbwa habari za asubuhi yake: maharage yameungua, jirani amekata mti, nyonga inauma. Hakimu hakugeuza hata sikio. Alilaza kichwa juu ya miguu ya mbele na kutazama ukuta.

Daktari alikwenda mashambani siku tatu kuchanja ng'ombe, na alfajiri ya siku ya kwanza Hakimu akafa.

Simu ilipolia saa nne, Sista alikuwa na maneno yake tayari. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameyasema mpaka yamekuwa laini kama ngazi za zamani: tumempoteza, hakuumia, alilala tu hakuamka. Alivuta pumzi ayaseme. Mwalimu akamtangulia.

"Binti yangu, leo nimemwota mume wangu. Amekaa barazani peke yake. Nimeamka nimefurahi. Nikajua Hakimu hajaenda kwake, bado yupo kwangu."

Sista alifunga mdomo.

"Haya, nipelekee," Mwalimu alisema.

Naye akapeleka. Alitembea na simu mpaka kizimba cha saba, kilichokwisha kuoshwa, sakafu bado ina maji, akainyoosha mbele ya nyavu kama anayemnywesha mtu uji.

"Hakimu, baba, nipo hapa," ilisema simu. "Ukipona rudi nyumbani. Mlango siufungi."

Ndani kabisa ya kizimba, pale ambapo hapakuwa na kitu ila saruji na unyevu, pumzi ilivutwa. Ilivutwa taratibu, ikashushwa. Paka wote watano walirudi nyuma kwa pamoja na kujibana kwenye kona za vizimba vyao. Ikatoka harufu ya njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi, na chini yake harufu ya manyoya mabichi.

"Amenijibu," Mwalimu alisema. "Umesikia? Amenijibu."

"Nimesikia," alisema Sista, na hilo ndilo neno pekee la kweli alilolisema siku ile.

Kesho yake ndipo bakuli lilipokutwa tupu. Siku hiyo aliapa atasema. Simu ilipolia alianza, "Mwalimu, kuna jambo," lakini Mwalimu alimkatiza kwa upole, "Tutaongea, mpeleke kwanza," na miguu yake, iliyozoea utaratibu kuliko yeye mwenyewe, ikampeleka. Hakuwa ameifikisha simu kwenye nyavu aliposikia kucha juu ya saruji, tak, tak, tak, zikija mbele kwa mwendo wa mbwa mzee anayechechemea, ila zilikuwa nyingi kuliko kucha za miguu minne, na zilipofika mbele nyavu zilivimba kuelekea kwake kana kwamba kichwa kimeegemezwa, kikubwa, kipana kuliko kichwa cha mbwa yeyote aliyewahi kumwosha, na kutoka nyuma ya ule uvimbe ikatoka sauti ya chini kama ya mtu anayeongea akiwa usingizini, maneno hayashikiki, lakini Mwalimu upande wa pili aliyashika, maana alicheka kidogo, kicheko cha mwanamke kijana, akasema, "Ndiyo. Ndiyo, kesho."

Siku ya tatu alikuja mwenyewe, na fimbo yake ya kutembelea, na kamba ya mbwa mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Amesema amepona."

"Amesema?"

"Amesema."

Sista angeweza kumzuia. Angeweza kusimama mlangoni. Badala yake alibana ubavu ukutani, akamwacha yule mzee apite, afungue kizimba cha saba, ainame kwa shida, afunge kitanzi cha kamba hewani, polepole, kama anayemfunga mtoto kifungo cha shingoni. Kisha kamba ikanyooka. Ikakaza. Mwalimu akatoka nayo wodini, kamba imetangulia, inamvuta kidogo, na kwenye sakafu yenye maji zikabaki alama ambazo Sista alizifuta kwa dekio bila kuzitazama.

Daktari alirudi jioni na vumbi lake, akafungua jokofu kuweka chanjo zilizobaki.

"Sista, mwenye mbwa huyu ameshaarifiwa?"

"Amemchukua."

"Amemchukua nani? Hakimu yumo humu."

"Ndiyo, Daktari. Yumo humo."

Daktari alifunga jokofu, akasema labda ni vizuri achukue likizo.

Aliichukua. Siku ya nne ya likizo alipita mtaa wa pili akaona madirisha ya Mwalimu yamefungwa yote mchana kweupe, ila mlango uko wazi. Hakuingia. Alikwenda kwa shangazi yake, mkunga wa zamani, ambaye watu wenye mambo ya namna hiyo walimwendea kwa siri na wakapita barabarani kesho yake bila kumsalimia.

Shangazi alisikiliza huku akichambua mchele.

"Nani alimwita?"

"Mwalimu, shangazi."

"Mwalimu alimwita mbwa wake. Nani aliyeshika simu?"

Sista aliitazama mikono yake.

"Basi ni wewe. Jini huyo hana mwili, mwanangu. Mwili wake ni huo uongo wako, ameuvaa kama kanzu. Nenda kamvue. Na ukibakiza hata uzi mmoja, atauvaa huo huo uzi."

"Twende wote."

"Nikija mimi atapigana, na anayepiganiwa ni mzee. Ukienda wewe, atakusikiliza. Na mwenye nyumba lazima atamke mwenyewe kwamba mbwa amekufa. Bila hivyo hatoki." Akapeperusha ungo. "Usikawie. Anamla. Hao hawana chakula kingine ila mtu anayewapenda."

Aliingia kwa Mwalimu saa nane mchana. Sebule ilikuwa na giza, na ile harufu ya kiberiti ilikuwa imekolea mpaka kwenye mapazia. Mwalimu alikuwa kitini. Kwa siku chache alikuwa amekonda kwa miezi. Gauni lilimkaa kama limetundikwa. Kamba ameizungusha kiganjani, nayo imekaza kuelekea chini, na ngozi ya kifundo cha mkono imechubuka.

"Karibu, binti yangu. Zunguka upande ule. Hapo kalala."

Sista alizunguka pahala patupu. Alipopita, joto lilimpiga kwenye miguu kama la tanuri.

"Mwalimu, huyo si Hakimu."

"Najua."

Alilisema bila kuinua sauti, kama anayetaja siku ya wiki.

"Hakimu alikuwa kiziwi," Mwalimu aliendelea. "Mwaka wa pili sasa. Sikuwaambia kwa kuwa mngeninyima simu. Nilikuwa napiga nisikie mtu akipumua, basi. Siku ile aliponijibu nilijua. Nilijua kabla hujasema umesikia." Alishusha macho pale chini. "Lakini huyu ananisikia. Unajua miaka mingapi sijasikilizwa humu ndani?"

Kutoka sakafuni ikaja pumzi ndefu. Sista alipiga magoti.

"Hakimu amekufa, Mwalimu. Alikufa alfajiri ya siku ile. Ulipopiga, kizimba kilikuwa kitupu, nami nikakushikia simu mbele ya kizimba kitupu. Ni mimi. Nisamehe."

Kamba ililegea. Ilishuka mpaka ikagusa zulia, na usoni kwa Mwalimu damu ikarudi kidogo. Naye Sista, alipouona uso ule wa mzee unaokunjamana, akafanya alichokifanya miaka kumi na tisa kwa kila uso wa namna ile. Hakufikiri. Maneno yalitoka yenyewe.

"Hakuumia. Alilala tu, hakuamka."

Kamba ikakaza kwa ghafla hata kiti kikasogea. Mwalimu alivutwa mbele, akaguna, na pale chini, ile pumzi ikageuka kicheko cha chini kisichokwisha, ukutani picha ya marehemu mume ikaanza kutikisika kwenye msumari, na Sista akahisi kitu chenye joto kikija kumnusa uso, kikimnusa mdomoni hasa, pale uongo ulipotokea, kwa utulivu, kama mwenye kanzu anayekagua mshono wake, akajua kwamba ule ndio uzi, na kwamba hana pa kuuficha tena.

"Aliumia," alisema. "Mwalimu, aliumia. Alianza kulia saa kumi za usiku. Nilikuwa chumba cha pili. Nilikuwa nimechoka, nimefanya zamu mbili, nikasema ataacha. Hakuacha. Nikafunga mlango ili nisisikie. Alilia mpaka karibu na mapambazuko, mimi nimelala na mto kichwani. Nilipoamka kulikuwa kimya, nikafurahi kwamba kuko kimya. Ndivyo alivyokufa. Hakuwa na mtu."

Kicheko kilikoma. Mwalimu aliinama kuelekea kwake. Kisha akauliza,

"Alilia vipi?"

"Mwalimu..."

"Nataka kumsikia. Wewe ndiye uliyesikia. Nionyeshe."

Basi yule mwanamke wa makamo, akiwa amepiga magoti kwenye zulia la mtu mwingine, alifumba macho, akakitafuta kile kilio alichokizibia masikio, akakikuta mahali alipokiacha. Akakitoa. Kilianza chembamba, kikapanda, kikakatika katikati kama kinauliza, kikaanza upya. Alikitoa jinsi kilivyokuwa, bila kukipunguza, mpaka koo likamuuma na machozi yakamshuka mpaka kidevuni. Hakuacha mpaka alipohisi mkono kichwani.

Ulikuwa mkono wa Mwalimu. Ule wa kamba.

"Basi," Mwalimu alisema, akimpapasa kuanzia paji la uso kwenda nyuma, taratibu, mara moja, na tena. "Basi, baba. Nipo hapa. Nimekuja."

Alimpapasa mpaka kilio kikaisha. Ndipo akainua kichwa, akatazama sakafu mahali patupu, akasema kwa sauti ya darasani, kila neno peke yake:

"Hakimu wangu amekufa."

Kamba ilianguka. Kitu kilipita kati yao kikielekea mlangoni, hakikukimbia, kucha zake juu ya saruji ya baraza zikapungua, zikapungua, zikawa nne, zikawa mbili, hazikusikika tena. Harufu ya kiberiti ilitoka nyuma yake kama moshi unaotafuta dirisha.

Walikaa hivyo. Nje mtu alipita akipiga mluzi.

"Mleteni kesho," Mwalimu alisema. "Nitamzika huku nyuma."

"Nitamleta mimi mwenyewe."

"Alete Daktari." Aliutoa mkono kichwani kwa Sista, akaufuta kwenye gauni. "Wewe nimekusamehe, binti yangu. Ila usije tena humu."

Sista alitoka. Kwenye kizingiti aligeuka aage, akamwona Mwalimu amegeuzia kiti dirishani na kukaa wima, mikono juu ya magoti. Akaondoka bila kuaga. Nyuma yake nyumba ilikuwa kimya, kimya cha nyumba yenye mtu mmoja tu.