Nafasi Aliyobakishiwa Kijino

Aliyemwambia Mama Kijino habari hii mara ya kwanza ni mshonaji wa chumba cha pili, naye aliisema huku anacheka, pini zikiwa mdomoni.

"Leo shoga umejipa likizo, eh? Mchana kutwa wewe na mwanao mnacheka tu huko ndani."

Mama Kijino bado alikuwa na unga kwenye nyusi. Alikuwa ndiyo kwanza anatoka kiwanda cha mikate, alikoshinda mbele ya tanuri tangu alfajiri.

"Hiyo ni laptopu," akajibu. "Nimemrekodia mtoto hadithi. Wifi humfungulia nikiwa kazini."

"Hadithi zako nazijua, ukuta wenyewe kama karatasi. Lakini laptopu gani inayojibu? Mtoto anauliza, mbuzi amenuna kwa nini, nawe unamweleza kwa nini."

Mama Kijino akacheka kwa adabu. Ila alipofika mlangoni kwake alisimama kwanza, akasikiliza, akajikuta anabisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

Laptopu ilikuwa ya mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu ambaye nyumbani alikuwa kama mgeni. Hadithi zilikuwa zimeongezeka hadi mashine ikagoma kupokea nyingine, akaipeleka kwa fundi wa kona ya barabara. Fundi aliifungua mbele yake, akanakili kila kilichokuwamo kwenye diski ya zamani, akakihamishia kwenye diski mpya kubwa, ya aina ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani. "Sasa rekodi mpaka uchoke," alimwambia. "Humu ni uwanja." Diski ya zamani ilikuwa ikivuma kama mbu. Hii mpya ilikaa kimya kabisa, na siku za mwanzo Mama Kijino aliupenda ukimya ule.

Wifi alikuwa jikoni akiosha vyombo. Msichana huyu, mdogo wa mumewe, alikuwa na kipaji cha kuigiza watu. Angeweza kukohoa kama mwenye nyumba hadi wapangaji wakajificha. Kwa hiyo Mama Kijino hakuzunguka.

"Wifi, unamwigizia mtoto sauti yangu?"

"Mimi?" Sufuria ikamponyoka. "Naigiza ili watu wacheke. Mtoto wa miaka minne nimwigizie mama yake ili iweje?"

"Mshonaji kasikia."

"Na mimi nasikia! Nikadhani umerekodi kwa ujanja, unaacha pengo mtoto aulize, halafu unaendelea. Wifi, kwani ile ya mbuzi si yako?"

Mama Kijino hakuwahi kusimulia hadithi yoyote ya mbuzi.

Kijino alikuwa mkekani, miguu ameikunja. Jina hilo alilipata kwa jino lake moja lililowahi kuota kabla ya mengine, na tangu lilipoota hakuna aliyemnyamazisha. Alikuwa redio ya nyumba. Lakini wiki ile alikuwa akiitikia kwa kichwa tu, na mama yake akadhani ni mafua.

"Umekula, mwanangu?"

Kichwa.

"Nani anakusimulia mchana?"

Mtoto akaelekeza kidevu mezani, ilipokuwa laptopu. Akasema polepole, kama mtu anayebana matumizi, "Mama wa mchana. Yeye hachoki."

Maneno yale yalimwingia mama yake kama mwiba. Akaifungua laptopu. Harufu ya hamira ikamjia usoni, hamira na jasho, harufu ya aproni yake mwenyewe inapongoja kufuliwa. Chini ya hadithi zake zilikuwapo nyingine nyingi, zote zimerekodiwa mchana, saa ambazo mikono yake ilikuwa ndani ya unga. Hakuthubutu kuzisikiliza pale. Alimtazama wifi, asimwamini. Akamfikiria mshonaji na pini zake, anasikilizia nini ukutani kila siku? Mwisho akamfikiria fundi, akaona hapo ndipo. Bila shaka alimwekea diski iliyokwisha kutumika, yenye mambo ya watu wengine. Akaibeba mashine kwapani, akatoka bila hata kunawa uso.

"Dada, boksi nililichana mbele yako," fundi akalalamika. Akafungua sehemu inayoonyesha ujazo. Mstari wa buluu ulikuwa umeijaza diski karibu yote, ukaacha kipande chembamba cheupe mwishoni. "Haa! Uwanja wote huu umeujaza na nini?"

"Ndilo nililokuja kukuuliza."

Fundi akavaa vipokea sauti, akabonyeza. Kwanza alitabasamu. Kisha tabasamu likaganda, akavivua taratibu, akampa.

Mama Kijino akaisikia sauti yake. Ilikuwa yake kweli, na ule mkwaruzo wa koo anaoupata kwa moshi wa tanuri, ila ilikuwa nzuri kuliko yake, haina haraka, haina uchovu, sauti ya mama aliyelala akashiba usingizi, na ilikuwa ikimweleza mtoto kwa nini mbuzi amenuna, na mtoto alikuwa anacheka, Kijino mwenyewe, anaropoka kama zamani, anataja rangi zote anazozijua, anaimba, anauliza, na kila neno alilolisema lilikuwa neno ambalo nyumbani hakulisema tena, na ile sauti ikawa inalipokea, inamshukuru, inasema, sogea mwanangu, huku ni kupana, nimekubakishia pako pa kulala, yakishakwisha maneno utakuja mwenyewe.

Akakitazama kile kipande chembamba kwenye kioo. Kilikuwa kama ubavu wa kitanda ambao mtu ameuacha kwa kujibana ili mtoto apate pa kulala.

"Nafuta," fundi akanong'ona. "Nafuta vyote."

"Usifute!" Alimshika mkono. "Maneno ya mwanangu yamo humo. Ukiyafuta atayapata wapi?"

Fundi akaufunga mfuniko kwa ncha za vidole. "Basi iondoe hapa, dada. Mimi nina watoto wawili."

"Na mimi nina mmoja," akasema Mama Kijino, akaichukua.

Njiani akili yake ilirudi kazini. Kopo la mkate likishajaa, donge jingine la unga haliingii hata ulisukume. Kama huyo aliyemo ndani amebakisha nafasi, basi nafasi hiyo ijazwe na kitu kingine. Akawaita wifi na mshonaji, akawaeleza kwa sauti ya chini, nao hawakucheka. Mshonaji akaleta cherehani yake, akaikanyaga mbele ya laptopu ikirekodi. Wifi akaigiza kikohozi cha mwenye nyumba, halafu mwenye nyumba akidai pesa ya usafi wa choo, na hapo mshonaji akashindwa, akacheka hadi machozi.

"Cheka karibu na mashine," wifi akamhimiza. "Cheko lako lile linajaza debe!"

Wakanakili na mechi zote za mpira ambazo mumewe alizihifadhi kwenye flashi. Jua lilipokuwa linazama, kile kipande cheupe kilipotea, ukatokea ujumbe kwamba hakuna nafasi. Mama Kijino akaufunga mfuniko, akaweka pasi ya mkaa juu yake. Kijino alikuwa ametazama yote hayo bila kusema lolote. Alipoulizwa kama ana njaa, alifungua mdomo, akaufunga.

Asubuhi Mama Kijino aliamshwa na harufu ya hamira. Pasi ilikuwa sakafuni, imewekwa wima, majivu hayakumwagika hata chembe. Mfuniko ulikuwa wazi. Kipande cheupe kilikuwa kimerudi, kwa upana uleule. Akatafuta kilichofutwa ili nafasi hiyo ipatikane. Cherehani ilikuwapo. Mwenye nyumba alikuwapo, na mechi zote. Zilizokuwa zimeondoka ni hadithi zake yeye, zile alizozirekodi kwa kinywa chake, haikubaki hata moja.

Hakupiga kelele. Alikwenda kitandani, akambeba Kijino mgongoni kwa mbeleko, miguu ya mtoto ikining'inia maana alikwisha kuwa mkubwa wa kubebwa.

"Unampeleka wapi?" wifi akauliza kwa mnong'ono.

"Kazini."

"Watakufukuza."

"Wanifukuze naye yuko mgongoni."

Akatoka, laptopu akaiacha pale mezani. Hakuifunga. Barabarani akaanza kusimulia, kwa sauti kubwa, watu wakigeuka kumtazama, naye ni mtu ambaye kwa kawaida hata salamu huitoa akitazama chini. Alisimulia juu ya mwanamke aliyekuwa akioka mikate na binti yake mmoja. Alikwaruza, alikosea, akarudia. Alipofika katikati alisimama pembeni ya njia, akakata hadithi, akangoja.

Mgongoni kimya.

Akarudia kipande cha mwisho. Akangoja tena. Magari yakapita, saa ya kuingia kazini ikapita, yeye amesimama, hageuzi shingo. Hatimaye akahisi pumzi ya moto kisogoni mwake, na nyuma ya pumzi neno, jembamba, la kukwaruza.

"Endelea."

Aliposikia kwamba pumzi ndiyo iliyotangulia, pumzi ambayo mashine haina, akapiga hatua, akaendelea.