Njia Aliyoifunga Hiza

Siku ya gulio, Korogwe ilikuwa haina adabu. Vibarua wa mashamba ya mkonge, wanawake wa Kishambaa walioshuka na viazi, Wazigua na kuku wao miguu juu, wote walitaka kupita mahali pamoja kwa wakati mmoja. Hiza alitokea katikati ya msongamano huo na hema kubwa begani. Akageuka kumpisha mama mmoja, na pembe ya hema ikakumba kikombe kilichokuwa juu ya cherehani ya Grasiana.

Chai yote ikamwagikia gauni alilovaa. Nalo lilikuwa gauni jipya, la maua ya njano na mikono ya puto, alilolishona mwenyewe kwa muda wa wiki mbili.

"We kaka, huoni?"

"Naona vizuri sana, dada. Ndiyo maana nimejikwaa."

Watu wakacheka. Grasiana alijikaza asicheke. Alimtazama kuanzia makatambuga ya matairi, akapanda kwenye magoti yaliyojaa alama za miiba, kaptula ya kaki iliyopauka, mpaka kwenye uso uliokuwa unamwomba radhi na kumchokoza kwa pamoja.

"Hilo hema lina nini?"

"Limechanika. Nimeambiwa kwenye kibaraza cha duka la Mzee Mwinjuma kuna fundi hodari wa turubai. Yuko wapi huyo bwana?"

"Huyo bwana ndiye mimi."

Hiza akavua kofia. "Basi nisamehe, fundi."

"Kaa hapo chini," alisema Grasiana, akichomoa shazia, sindano ndefu ya magunia, kwenye kilemba chake. "Ukiondoka kabla sijamaliza, nitakushona na wewe."

Hakuondoka. Hema lenyewe lilihitaji nusu saa. Alikaa mpaka duka likafungwa. Na gulio lililofuata alikuja na hema lilelile, limechanika mahali pengine. Grasiana aliutazama ule mpasuko, akaona wazi kuwa ni wa kisu, akaushona. Hapo kila mmoja akawa ameshajibiwa.

Ilikuwa mwaka 1953, enzi za Mwingereza. Hiza alikuwa nyapara wa wapagazi wa mzungu mmoja mpima ardhi, ambaye watu walimwita Bwana Kamba kwa sababu alipima kila kitu, hata kivuli cha mti. Kazi yao ilikuwa kuchora njia za miguu, kuanzia vilima vikavu vya Handeni, ambako mtu huchimba mchanga wa mto ili apate maji ya kunywa, mpaka kwenye misitu ya Lutindi, ambako nguo haikauki siku tatu. Hiza alizijua njia hizo zote. Kusoma ndiko hakukujua.

Jumapili baada ya kanisa walitembea vilimani, na Hiza akimfundisha Grasiana mambo ya safari. Siku moja walifika njiapanda, akakata tawi bichi kwa panga, akalichonga gome pete mbili karibu na shina, akalilaza kukatiza njia ya upande mmoja.

"Hiki ndicho kibao chetu. Anayetangulia anafunga njia isiyofaa. Wa nyuma akiona tawi, hata awe na mzigo wa ratili sitini kichwani, haulizi. Anafuata ile iliyo wazi."

"Na hizi pete mbili?"

"Hizo ndizo jina langu. Watu wangu wakiziona wanajua si mchunga mbuzi aliyetupa tawi."

"Na mtu akilivuka?"

"Yuko mmoja alilivuka kule Handeni. Tulimpata siku ya tatu, ulimi umevimba, hawezi hata kutaja jina la mama yake."

Grasiana akashtuka, kisha akamgonga bega. "Haya, mpenzi. Basi siku ukinichoka usinitumie mtu wala salamu. Nifungie njia tu, nitaelewa."

"Nikuchoke wewe? Labda nianze kuchoka kupumua."

"Mnasema hivyohivyo wote."

Maneno ya mzaha hayo. Mzaha nao, ukiutia moyoni mwa mtu, huwezi kujua utaota nini.

Baba yake Grasiana, Mzee Bonaventura, alikuja kukata mkonge kutoka Ungoni, kusini ya mbali, akiwa na mke na mtoto mchanga. Mke alizikwa hukuhuku. Mtoto ndiye huyo fundi wa turubai. Mwezi wa tisa mkataba wa mzee ukaisha, na wafanyakazi wakatangaziwa lori la kuwarudisha kwao: Jumatatu, saa tatu asubuhi, nyuma ya kituo cha reli cha Korogwe. Zilibaki siku kumi.

"Shikamoo, mzee," Hiza alisema, amesimama mlangoni kwenye kambi ya vibarua, kofia mkononi.

"Marahaba. Najua ulichokuja nacho. Sina neno nawe, kijana. Lakini binti hatolewi kwa maneno ya gulioni. Niletee mkubwa wako abishe hodi hapa kabla ya lori. Akija, binti atabaki. Asipokuja, naondoka na damu yangu."

Mkubwa wa Hiza alikuwa mmoja tu, mjomba wake Ernesti, aliyeishi Lutindi. Na mjomba huyo alikuwa na kanuni yake: haposi mwanamke ambaye hajamwona kwa macho. Hiza angempeleka Grasiana siku ileile, lakini alikuwa ameshatia dole gumba kwenye mkataba wa Bwana Kamba, na safari ilikuwa inaanzia Handeni kesho yake. Mpagazi aliyetoroka alifungwa. Ndivyo sheria ilivyokuwa, na hakuna aliyewauliza wapagazi wanaionaje.

"Sikiliza, laazizi," alimwambia Grasiana. "Jumamosi tutakuwa tumefika Lutindi. Wewe panda treni mpaka Makuyuni, halafu shika njia ya mlimani. Ndani ya msitu utakuta njiapanda. Fuata ya kushoto, nitakuwa kwenye mwamba. Nitakupeleka kwa mjomba, na Jumapili mjomba atashuka nawe."

"Na wewe?"

"Mimi nitabaki na kamba ya mzungu. Lakini roho yangu itakuwa imeshashuka."

Safari ile ilikuwa mbaya. Vilima vya Handeni vilikuwa vimekauka hadi majani yalikatika kama chapati iliyoungua. Waliamka alfajiri kulikimbia jua, wakatembea juu ya mawe makali, wakanywa maji ya matope kwa zamu. Siku ya sita wakavuka mto Pangani, wakapita Makuyuni, na siku ya nane, Jumamosi, wakapanda mlimani wakaingia kwenye ukungu. Wapagazi walilamba umande kwenye majani wakicheka wenyewe. Mbega waliruka juu ya miti. Hiza alikuwa mbele ya wote, na kichwani mwake alikuwa anapanga maneno: mjomba, huyu ndiye Grasiana; Grasiana, huyu ndiye mjomba.

Walipofika njiapanda, Bwana Kamba alitoa darubini, akatazama, akaikunja. "Kambi kulia," alisema. "Kuna maji."

Kushoto au kulia, kwa Hiza ilikuwa mamoja. Kutoka kambini mpaka mwambani angekata msituni kwa robo saa. Akageuka kulia. Na kwa kuwa nyuma yake walikuwa wapagazi ishirini wenye mizigo, mkono wake ulifanya ulichofanya kwa miaka kumi na mitano. Ulikata tawi bichi, ukalichonga pete mbili, ukalilaza kukatiza njia ya kushoto. Naye akaendelea mbele, anamwaza Grasiana.

Nani wa kumlaumu? Mimi sijui. Mtu anaweza kumfungia mlango mgeni wake anayempenda kuliko wote, kwa sababu tu amezoea kufunga mlango.

Grasiana alifika saa nane, amevaa lile gauni la maua ya njano na raba nyeupe za kuazima, kikapu cha zawadi ya mjomba mkononi. Akaliona tawi. Akainama, akazigusa zile pete mbili. Utomvu ulikuwa bado unatoka.

Bibi mmoja alikuwa anapita na mzigo wa kuni.

"Shikamoo, bibi. Nani kafunga njia hii?"

"Marahaba, mwanangu. Nyapara mrefu, wa mzungu. Nimemwona akikata kwa mkono wake."

"Hakuambiwa na mtu?"

"Nani amwambie? Kakata, kapita, wala hakugeuka."

Bibi alisema kweli tupu, na kweli hiyo ikamuua Grasiana. Kwenda kulia akamwulize? Aulize nini, na yeye ndiye aliyesema, nifungie njia tu, nitaelewa? Alizigusa tena zile pete. Kisha akaweka kikapu chini, akakiacha, akashuka.

Nyumbani baba yake alimwuliza, "Mshenga?"

"Haji, baba. Nisaidie kufunga sanduku."

Kule mwambani, hatua mia tatu tu kutoka kwenye tawi, Hiza alikuwa ameketi. Kila jani lilipoanguka aliinuka. Jua likazama, akajiambia: amekataa. Ameona ni heri Ungoni kuliko kuwa mke wa mpagazi.

Jumapili Bwana Kamba akampeleka kilele cha ng'ambo kushika mnyororo wa kupimia, kutwa nzima. Aliporudi alasiri alipita njiapanda, na hapo ndipo alipoona. Kwenye udongo laini kulikuwa na nyayo ndogo za raba, zimefika mpaka kwenye tawi. Zimesimama. Zimegeuka. Kando yake, kikapu chenye ndimu na kipande cha kitambaa cheupe kilichopindwa kwa mshono anaoujua.

Akapiga yowe kama mtu aliyekatwa.

Hakurudi kambini. Alikimbia mpaka kwa mjomba, akaanguka mlangoni. Mzee Ernesti aliusikiliza mkasa wote, akakitazama kile kitambaa, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Huyu nimeshamwona," alisema. "Twende."

Lakini mjomba alikuwa na goti bovu, na mteremko wa Lutindi hauna huruma. Iliwabidi kupumzika kila baada ya mwendo mfupi. Walifika kituo cha Makuyuni Jumatatu, saa mbili na nusu. Treni ya kwenda Korogwe ilikuwa bado mpaka saa tano. Lori lingeondoka saa tatu.

Karani wa kituo, Eliasi, alimtazama Hiza aliyekuwa amechafuka matope mpaka nyusi, akatazama simu ya reli ukutani.

"Hii si ya raia," alisema. Kisha akazungusha mkono wa simu. "Haloo, Korogwe? Hapo nyuma kwako kuna lori la Wangoni. Niitie binti anaitwa Grasiana. Kimbia, ndugu yangu."

Walingoja. Hiza alishika chombo cha simu kwa mikono miwili.

"Nani?" ilisema sauti, ndogo na ya mbali.

"Mimi. Hiza."

"Unataka nini? Njia umefunga mwenyewe."

"Nimeifunga, ndiyo! Kwa ajili ya wapagazi! Bwana alitaka kambi ya kulia, mkono ukakata bila mimi. Nilikungoja mwambani mpaka giza, Grasiana. Nilikuwa hatua mia tatu."

Kikasikika kilio, na ndani ya kilio kicheko.

"Mjinga wewe."

"Mjinga wako."

"Hiza, sanduku langu liko juu ya lori."

Mjomba akamnyang'anya chombo, akakiweka mbele ya mdomo kama kata ya maji. "Hodi! Hodi humo! Mimi Ernesti wa Lutindi, nimekuja kuomba mchumba!" Akapiga kelele hivyo mara tatu, bila kusikia jibu hata moja, akamrudishia Hiza.

Sasa kwenye simu alikuwa Mzee Bonaventura. "Nimemsikia mkubwa wako, kituo kizima kimemsikia. Posa nimeipokea. Mungu shahidi, angebisha jana ningelishusha sanduku mwenyewe. Leo nyumba ya kambi nimeirudisha, na ndugu wa kumwachia sina. Nimwache kituoni kama gunia, aje achukuliwe? Hapana, mwanangu. Mje Ungoni."

"Baba, mkataba wangu..."

"Najua mkataba ni nini. Ongea na mwenzio, dereva anapiga honi."

"Hiza," alisema Grasiana haraka haraka, "nimekubali. Umesikia? Mbele ya baba na karani, nimekubali. Utakuja?"

"Nitakuja."

"Ni mbali sana."

"Mimi ni mtu wa..."

Simu ikakatika. Kituo cha Mombo kilitaka laini kwa ajili ya treni ya mizigo. Eliasi alinyoosha mkono, akasubiri, kisha akakitoa chombo taratibu kwenye vidole vya Hiza.

Mzee Ernesti alikuwa ameketi kwenye benchi, anasugua goti, uso umejaa matumaini. "Amesemaje?"

"Amekubali, mjomba."

"Alhamdu! Basi tumepata mke!" Mzee akapiga makofi, akamgeukia karani apongezwe. Kisha akamtazama mpwa wake, aliyekuwa amechuchumaa ukutani na mikono kichwani. "Sasa unalia nini?"

"Anaondoka," alisema Hiza.