Toa Kwanza, Nione

Chumba cha kazi cha Mama Sindano kilikuwa kidogo, na kila kona yake ilikuwa na kazi. Dirishani zilining'inia shuka za maua. Mezani zilijaa foronya. Hata kiti cha wageni kilijaa foronya, kwa hiyo mgeni aliyetaka kukaa alilazimika kuzipakata kwanza. Mama Sindano mwenyewe alikaa karibu na mlango, fremu ya mbao mapajani, sindano vidoleni, na mdomo wake haukujua likizo.

"Huyu akinyamaza, mjue anaumwa," mume wake alipenda kuwaambia wateja. Yeye alikuwa fundi baiskeli. Alifanya kazi nje ya mlango huohuo, kwa hiyo alisikia kila kitu.

Mama Sindano alidarizi kwa mkono tu. Alitamani cherehani ya kudarizi. Hoteli zilimletea kazi nyingi, lakini kwa mkono hakuweza kuzimaliza kwa wakati, zikaenda kwa mafundi wengine. Kisha akapata mteja wa nchi ya mbali, aliyeagiza mzigo mkubwa wa foronya. Alidarizi mpaka vidole vikaota sugu. Malipo ya mzigo ule yangetosha kununua cherehani. Akiba nyingine hakuwa nayo.

Mteja alilipa kwa dola za kidijitali, yaani sarafu zinazokaa kwenye simu na kompyuta tu. Alisema benki za kwao zinakata ada kubwa mno. Mama Sindano hakuelewa, akamwita shemeji yake, mdogo wa mumewe. Shemeji huyu aliuza vipuri vya baiskeli, lakini mtaa mzima ulimwita Bilionea. Kila wiki alikuwa na njia mpya ya kutajirika. Njia hazikuisha, na vipuri dukani navyo havikuisha.

Bilionea akamwekea pochi ya kidijitali kwenye simu. Pochi ikaonyesha maneno kumi na mawili ya Kiingereza.

"Haya ndiyo funguo, shemeji," akasema. "Simu ikipotea, maneno haya yanarudisha fedha zako. Yapige picha yakae humo humo kwenye simu."

"Simu ikipotea, hiyo picha itabaki wapi?"

"Basi andika kwenye karatasi."

"Karatasi? Panya wa nyumba hii wanapenda karatasi kuliko mkate!"

Mama Sindano aliamini uzi kuliko kitu kingine chochote. Akachukua kitambaa cheupe, akayadarizi maneno yote, kila neno ndani ya ua lake. Akakitundika ukutani. Kilipendeza hata wateja wakaanza kuuliza bei.

Asubuhi moja jirani yao alikuja kuchukua shuka yake. Alikuwa amestaafu kazi ya benki, na watu walimwita Mama Benki. Alivaa miwani, akatazama ukutani.

"Ngazi, kitunguu, mlezi, barafu..." alitafsiri polepole. "Mama Sindano, huu ni wimbo au ni homa?"

"Ni funguo za fedha zangu, dada. Zile za kidijitali."

Mama Benki hakucheka. Alifunga mlango, akakiteremsha kile kitambaa, akakikalia.

"Nani amekiona hiki?"

"Wateja wote. Na jana kuna mama alipiga picha ya shuka. Nadhani na ukuta ulitokea."

"Haya, nisikilize. Mwenye maneno haya ndiye mwenye fedha. Hahitaji simu yako, hahitaji kitambulisho chako. Akiyaandika kwenye simu yake huko aliko, anabeba kila kitu. Na hakuna meneja wa kumlilia. Benki tukikosea, kuna mahali pa kushtaki. Huku, kilichotoka kimetoka."

Mama Sindano akaichukua simu yake mbio. Akaifungua pochi. Fedha zilikuwepo bado.

"Sasa nifanye nini? Nikae nasubiri mwizi?"

"Unasubiri nini? Unahama! Tunafungua pochi mpya yenye maneno mapya, tunahamisha fedha sasa hivi."

Pochi mpya ilipotoa maneno yake, Mama Benki aligeuza uso, akautazama mlango.

"Mbona unageuka, dada?"

"Sitaki kuyaona. Mimi ni jirani yako, lakini maneno haya hayana jirani. Andika kwa kalamu kwenye karatasi mbili. Moja iweke kwenye mkebe wa chuma wenye kufuli, panya wakose. Nyingine iweke mahali pengine unapopajua wewe peke yako. Usipige picha. Usimtumie mtu. Anayekuomba maneno haya, hata akijiita mhudumu wa kampuni, ni mwizi."

Kisha wakanakili anwani ya pochi mpya, yaani namba ya kupokelea fedha. Ilikuwa ndefu, herufi na tarakimu zimechanganyikana.

"Usiichape kwa mkono, utakosea," Mama Benki akasema. "Inakili ilivyo, kisha uilinganishe mwanzo mpaka mwisho. Na mtandao wa sarafu unaotumia kutuma uwe uleule wa kupokelea. Ukikosea hapo, umemzawadia mtu usiyemjua, au umetupa shimoni. Sasa tuma kidogo tu."

"Kidogo? Si umesema nihame haraka?"

"Wewe ukipata uzi mpya, unaanzia kwenye shuka ya mteja?"

"Hata! Nadarizi kwanza kwenye kitambaa chakavu, nione kama unachuja rangi."

"Basi darizi kwenye chakavu."

Kiasi kidogo kikafika salama. Ndipo wakatuma zilizobaki. Nazo zikafika. Mama Sindano akashika mkasi, akafumua maua yote kumi na mawili, huku akijitukana mwenyewe kwa kila uzi.

"Nisije nikasikia umejitukana tena," Mama Benki akasema. "Hukuzaliwa unajua. Sasa nikuulize, unataka kukaa nazo hizi sarafu?"

"Zitazaa?"

"Baadhi ya sarafu hupanda leo, kesho zikaporomoka mpaka ukashika kichwa. Hizi dola zako zinafuata bei ya dola, kwa hiyo zinatulia kidogo. Lakini nazo zikianguka, serikali haikufidii. Mtu aweke huko fedha ambayo hata ikipotea, watoto watakula na kodi ya nyumba italipwa. Fedha ya mkopo hapana kabisa."

"Mimi nataka cherehani. Sitaki kushika kichwa."

"Basi ziuze. Tumia soko la sarafu lenye leseni, nitakuonyesha jinsi ya kuhakiki. Na tuulize kwanza sheria ya nchi inasemaje, na kodi."

Walikubaliana kwenda kuuliza siku iliyofuata. Lakini jioni hiyohiyo Bilionea aliingia, viatu vinang'aa, simu mkononi.

"Shemeji, usiuze! Utajuta! Tazama hapa." Akamwonyesha simu. Namba za kijani zilikuwa zinapanda. "Niliweka mtaji wa duka. Sasa umekuwa mara tatu! Kuna Meneja anatufanyia biashara ya sarafu. Faida ni ya uhakika, haijawahi kushuka. Weka zako zote, mwezi ujao utanunua cherehani mbili."

Mume naye akasogea, mikono ina grisi. "Mara tatu, Mama Watoto," akasema kwa sauti ya chini. "Tusiichezee bahati."

Mama Sindano aliziangalia namba zile. Ukweli usemwe, alizitamani. Alijiona ana cherehani mbili, na hoteli zinapanga foleni mlangoni. Kisha akashtuka. Tangu lini biashara haijawahi kushuka? Hata bei ya uzi hushuka.

"Vizuri, shemeji," akasema. "Toa kwanza, nione."

"Nitoe nini?"

"Toa faida. Kidogo tu, ya kununua pakiti ya chumvi. Ikifika kwenye fedha zako za simu, mimi naweka zangu zote leo hii."

Bilionea alicheka. Akabonyeza kitufe cha kutoa. Akasubiri. Akabonyeza tena. Kicheko kikapungua. Ujumbe ulikuja: alipe kwanza ada ya kufungulia akaunti, ndipo apewe fedha zake.

"Ni kawaida," akasema, lakini jasho lilikuwa limeshatoka. "Ni utaratibu wao. Shemeji, nikopeshe hiyo ada. Nikitoa tu, nakurudishia."

"Kama humo mna faida mara tatu, kwa nini wasikate ada humohumo?"

Bilionea akampigia Meneja, akamweleza, akaweka sauti ya nje. Sauti nene, yenye adabu nyingi, ikajaza chumba.

"Mama yangu mpendwa, nasikia una wasiwasi. Ni kawaida kwa watu ambao hawajasoma mambo haya."

"Ni kweli sijasoma. Kwa hiyo nieleze taratibu. Ofisi yenu iko wapi?"

"Sisi tuko duniani kote, mama."

"Duniani kote mnalala wapi? Leseni yenu ina namba gani?"

Sauti ikapoteza adabu. "Ada isipolipwa leo, akaunti ya shemeji yako tunaifunga. Na atashtakiwa kwa kukwepa kodi. Polisi watakuja hapo."

Mume akamshika mkono. "Mke wangu, ni mdogo wangu. Tumlipie tu yaishe."

Mama Sindano akautoa mkono wake. Alikuwa na hasira, na hakuificha.

"Haitaisha!" akasema. "Tukilipa hii watataka nyingine. Vidole vyangu vimetoboka kwa fedha hii. Wewe Meneja, funga! Funga akaunti, funga na ofisi yako ya duniani kote. Hao polisi usiwatume, nawafuata mwenyewe. Senti yangu hujaiona na hutaiona!"

Akakata simu. Bilionea alikaa juu ya foronya bila hata kuzipakata, akainamisha kichwa.

"Nimeibiwa, shemeji," akasema. "Mtaji wote."

"Umeibiwa. Pole sana." Sasa sauti yake ilikuwa ya upole. "Usifute ujumbe wowote. Kesho tunakwenda wote kituoni."

Walikwenda, na Mama Benki akawasindikiza. Bilionea aliandikisha maelezo, akakabidhi namba na anwani alizotumia. Askari hakumdanganya. Alimwambia fedha za namna hiyo ni vigumu kurudi. Alimwonya pia kwamba watajitokeza wengine wakidai wanaweza kuzirudisha kwa malipo, na hao nao ni wezi. Kabla ya wiki kuisha, mmoja alijitokeza kweli, akijiita wakili. Bilionea akaifungia namba yake.

Mama Sindano aliuza dola zake kwenye soko lenye leseni, kidogo kwanza, kisha zote. Fedha ziliingia benki. Cherehani ikaletwa, ikabidi meza isogezwe nje kwa fundi baiskeli. Kazi ya hoteli ya kwanza ilianza siku ileile.

Jambo la wizi mume alitaka liishie ndani. "Tusimwaibishe mdogo wangu," alisema. "Mtaa utamcheka."

Lakini siku chache baadaye matangazo yalibandikwa kwenye nguzo zote. Kulikuwa na mkutano katika ukumbi wa mtaa: wakala wa Meneja angekuja mwenyewe kuandikisha watu. Na kwenye tangazo ilikuwepo picha kubwa. Alikuwa Bilionea, anacheka, na chini yake maneno: "Alikuwa muuza vipuri. Leo ni tajiri."

Aliwahi kuwatumia watu wa Meneja picha ile kwa furaha, siku namba zilipoanza kupanda. Alipoiona kwenye nguzo alitaka ardhi impokee.

"Nitahama mtaa huu," akasema.

"Uhame uwaachie sura yako?" Mama Sindano akauliza. "Watu wataingia ukumbini kwa sababu wanakujua. Mficha uchi hazai, shemeji. Aibu hii si yako, ni ya mwizi. Vaa viatu twende."

Ukumbi ulijaa. Wakala alivaa suti, na mbele yake palikuwa na meza. Foleni ilikuwa ndefu, watu wameshika fedha mkononi. Wengine walikuwa wametoa akiba ya vikundi. Bilionea alitembea mpaka mbele. Akabandua tangazo ukutani, akaliinua juu.

"Mnamjua mtu wa kwenye picha?" akauliza.

"Bilionea!" wakaitikia, wakacheka.

"Ndiyo, mimi. Mtaji wangu wote wamekula. Hawajanilipa hata senti moja. Wakanidai ada nichukue fedha zangu mwenyewe. Nilinyamaza kwa aibu, na kimya changu wamekigeuza tangazo. Kama mnaniamini mimi, rudisheni fedha mifukoni."

Kicheko kilikatika. Wakala akainuka, akitabasamu kwa meno tu. "Ndugu yetu ana hasira. Tuzungumze pembeni."

"Hakuna pembeni!" Mama Sindano alisimama katikati ya ukumbi. "Sema hapahapa. Na fedha za watu walioandikishwa tangu asubuhi, zirudishe hapahapa."

Mwanamke wa kwanza kwenye foleni alinyoosha mkono, akachukua fedha zake mezani. Akafuata wa pili. Meza ikazungukwa, kila mtu akachukua chake, na mikono ya wakala ikabaki mitupu. Alishika mkoba wake akaelekea mlangoni. Mlangoni alimkuta fundi baiskeli, mikono imejaa grisi, na nyuma yake baiskeli zimepangwa kizingiti kizima. Mama Benki alikuwa amekwishapiga simu kituoni.

"Nipisheni!" wakala akafoka. "Mnajua mimi ni nani?"

"Tunajua," Mama Sindano akasema. "Ndiyo maana huondoki."

Akavuta kiti, akakaa mbele yake, na watu wote wakakaa pia kuwasubiri askari.