Karatasi Isiyotupika

Kila siku nikitoka shule hupitia sokoni, kwenye kibanda cha mama yangu, Bruria. Mama anauza jibini. Atanikatia kipande, atanifuta pua hata kama haina kitu, kisha atamwambia mteja yeyote aliye karibu: "Huyu ndiye Tirza wangu. Yumo kwenye timu ya darasa, anakwenda Haifa kwenye mashindano ya Torati!" Yerusalemu nzima ilikwisha kusikia habari hiyo. Hata muuza samaki alikuwa ananipigia makofi.

Jumatano ile sikupitia sokoni. Mwalimu Hadasa alikuwa amerudisha mtihani, nami nilikuwa nimepata thelathini na nane. Mimi! Swali kubwa lilihusu Jina ambalo Mungu alimwambia Musa penye kijiti kilichowaka moto: "Nitakuwa Nitakayekuwa." Tuliulizwa maana yake. Kusoma sikusoma, kwa sababu nilijiona najua kila kitu. Basi nililiandika Jina lenyewe herufi kwa herufi, kubwa na za kupendeza, nikizipamba kama za mwandishi wa Torati, halafu chini yake nikaandika mistari miwili ya porojo. Mwalimu akaandika kwa wino mwekundu: "Jina umelichora vizuri. Maana yake iko wapi?"

"Kesho kutwa nafunga orodha ya timu," alitutangazia. "Aliyepata chini ya sitini atarudia mtihani asubuhi hiyo, lakini alete karatasi hii ikiwa na sahihi ya mzazi. Asiyeileta, Haifa ataisikia redioni."

Nilikwenda moja kwa moja kwenye pipa la taka nyuma ya nyumba yetu. Paka watatu walinitazama. Nilinyoosha mkono niitupe ile karatasi, mkono ukakataa. Kwetu Wayahudi karatasi yenye Jina la Mungu haitupwi wala haichomwi. Huwekwa kwenye sanduku la sinagogi pamoja na vitabu vya sala vilivyochakaa, na sanduku likijaa, vyote huzikwa makaburini kwa heshima. Na mimi, kwa maringo yangu, nilikuwa nimeliandika Jina zima!

Basi nikajiona mjanja. Nikaenda sinagogi, nikaidumbukiza sandukuni, chini kabisa. Nikasema, nani atafukua kaburi kutafuta alama zangu?

Jioni, tukinywa supu, mama aliniuliza akinitazama usoni, "Mtihani vipi?"

"Hatujarudishiwa," nikajibu. Nikainamia bakuli.

Njia ya mwongo ni fupi. Alhamisi Mwalimu Hadasa aliiulizia karatasi yangu, nikamwambia imeloa mvua. "Mvua ipi?" akasema. "Wiki nzima jua. Tirza, saa kumi nitampigia mama yako." Jamani! Saa ya mapumziko nikatoka mbio hadi sinagogi.

Nilimkuta Mzee Sasson, mtunzaji wa sinagogi, anapakia magunia kwenye gari la kwenda makaburini. Sanduku lilikuwa tupu.

"Mzee Sasson, subiri! Karatasi yangu imo humo!"

"Binti Bruria wa jibini!" akacheka. "Unataka kumfufua nani?"

Alinifungulia gunia la mwisho. Nilichakura katikati ya vumbi na majalada yaliyoliwa na nondo mpaka nikaipata. Akaninyang'anya, akavaa miwani.

"Thelathini na nane! Na Jina lote kamili. Karatasi yenyewe mpya kabisa. Ilikufa kwa ugonjwa gani?"

Nilimweleza yote. Kisha, aibu yangu hii, nikamwambia, "Si unisainie wewe tu? Mwalimu hajui mwandiko wa mama."

Kicheko kikamkauka. "Sikiliza wewe. Mimi nazika vilivyochakaa. Uongo wako bado mbichi. Ukiuzika utaota."

Nikaanza kulia. Alikaa kwenye ngazi ya gari, akanirudishia karatasi.

"Musa naye alikuwa mwoga, mwanangu. Ametoroka Misri, anaambiwa arudi kwa Farao. Anatafuta visingizio, anauliza, nikiulizwa jina lako niseme nini? Akajibiwa: Nitakuwa. Wazee wetu wanaeleza hivi: nitakuwa pamoja nao katika taabu hii, na katika taabu nyingine zote. Hakuambiwa ajifiche. Aliambiwa aende." Akapiga mlango wa gari kofi. "Haya, nenda. Kwangu hapa hakuna Farao."

Nilikwenda sokoni. Kibanda kilikuwa kimejaa wateja, na mama akaanza, "Ndiye huyu Tirza wangu..." Nikamkabidhi karatasi mbele ya wote. Nikasema, "Mama, jana nilikudanganya."

Alifuta mikono kwenye aproni. Akasoma. Muuza samaki naye akasogea kuchungulia.

"Thelathini na nane haziniumi," akasema polepole. "Nilikutazama usoni, Tirza. Hapo ndipo panaponiuma."

Aliweka sahihi. Mimi nikamwambia naogopa, kwa sababu mwalimu naye nimemdanganya, na saa kumi atampigia simu. Mama akanifuta machozi kwa mkono unaonuka jibini. "Kesho nitakuwa nawe. Akipiga simu nitamwambia tunakuja. Lakini utasema mwenyewe."

Usiku ule nilisoma kweli. Asubuhi mama alifunga kibanda, siku ya Ijumaa, siku ya mauzo makubwa kuliko zote, akasimama mlangoni mwa darasa. Nilimwambia mwalimu ukweli wote, mvua na sanduku, nikaketi kuandika. Safari hii sikupamba herufi. Niliandika kwamba Mungu hakumwahidi Musa njia rahisi wala hakumwambia asiogope. Alimwambia hatakwenda peke yake, na ahadi hiyo ndiyo Jina.

Mwalimu Hadasa alisahihisha palepale. Themanini na sita. Akaliandika jina langu kwenye orodha, kisha akaniita karibu, pamoja na mama.

"Tirza, leo umejibu swali vizuri," alisema. "Lakini ulianza kulijibu jana, pale ulipokwenda kwa mama yako na karatasi mkononi. Kosa ukilificha, unabaki nalo peke yako. Ukilisema, unapata wa kusimama nawe. Mtu mkweli anaweza kuogopa, mwanangu, lakini hayuko peke yake."