Shimo Nyuma ya Nyumba

Palikuwa na mwanamke fundi cherehani. Mumewe alikuwa mfyatuaji wa matofali. Mtoto wao wa pekee alikuwa wa miaka miwili na ushee, naye hakujua kunyamaza. Akiamka anazungumza, akila anazungumza, hata na kuku aligombana. Majirani wakampa jina la Chiriku. Na mama yake wakamwita Mama Chiriku.

Kila asubuhi baba alitangulia kwenda kwenye matofali. Mama alifagia, akateka maji, kisha akatoa cherehani barazani. Chiriku alikaa chini ya meza na vipande vyake vya kitambaa.

"Mama, hiki cha nani?"

"Cha mwalimu."

"Na hiki chekundu?"

"Hicho chako. Haya, niache nishone, mwanangu."

Asubuhi moja shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Wateja walijaa barazani wakidai sare zao. Mama alimpima mmoja mabega, akainama kukata kitambaa, akageuka. Chini ya meza palikuwa kimya.

"Chiriku!"

Hakuitikiwa.

Alizunguka nyumba akiita. Majirani wakatoka. Nyuma ya jiko palikuwa na shimo. Wafyatuaji walichimba udongo hapo zamani, wakaliacha wazi. Mvua ikalijaza. Kipande cha kitambaa chekundu kilikuwa kinaelea juu ya maji.

Baba alikuja mbio, mikono imejaa udongo. Walimtoa mtoto, wakamtikisa, wakamwita. Hakuna aliyejua la kufanya zaidi ya hapo. Chiriku hakujibu tena.

Baada ya mazishi nyumba ilipoa. Baba alirudi jioni, akala kidogo, akalala bila neno. Lakini mama mkwe, mzazi wa mumewe, hakunyamaza.

"Mama gani huyo?" aliwaambia wageni. "Mtoto yuko miguuni pake, na bado anampotea!"

Mama alisikia, akameza uchungu. Hata yeye alijiuliza hivyo hivyo. Alifunika cherehani kwa shuka. Majirani nao wakaacha kumwita Mama Chiriku. Walimwita "fundi" tu, wakidhani wanamsitiri. Hilo lilimuuma kuliko maneno ya mkwewe.

Miezi ikapita. Siku moja mwanamke mwenye kishikwambi alibisha hodi. Alikuwa mtafiti. Mtaani walimwita Bibi Maswali, kwa kuwa alipita nyumba hadi nyumba akiuliza habari za watoto: wanakula nini, wanaugua nini, wanakufa kwa nini.

"Pole na msiba, mama," alisema. "Naomba kukuuliza kuhusu mtoto wako. Ukikataa, sitakulazimisha. Swali likikushinda, tunaliruka."

"Ili iweje? Mkamtie kwenye hesabu zenu? Mwanangu si namba!"

"Si namba, mama. Kabisa." Bibi Maswali alikaa mkekani, akaweka kishikwambi kando. "Lakini wanaopanga mambo ya watoto hawamjui. Aliyefia hospitali ameandikwa. Aliyezama nyumbani akazikwa, mara nyingi haandikwi popote. Basi wanadhani tatizo hilo halipo. Na wakidhani halipo, hakuna kinachofanyika."

"Na jina langu?"

"Halitatajwa kwa mtu. Majibu ya watu wengi yanakusanywa pamoja."

Mama akaketi mkabala naye. Kisha akasema, "Tulimwita Chiriku." Hapo machozi yakamtoka.

Alieleza ilikuwa saa ngapi, na shimo liko wapi.

"Nani alikuwa naye?" Bibi Maswali aliuliza taratibu.

"Mimi. Nilikuwa naye mimi."

Bibi Maswali hakuandika. Alimshika mkono mpaka akatulia.

Kazi ilipokwisha, watafiti waliwarudishia wananchi majibu. Watu walikusanyika katika darasa la shule ya jirani. Mama alikwenda na mumewe. Mkwe alikaa benchi la nyuma.

"Mnadhani watoto wanazama wapi?" Bibi Maswali aliuliza.

"Mtoni!" watu wakajibu.

"Hata sisi tulidhani hivyo. Tukauliza mitaa mingi. Wengi walizama karibu na nyumbani: kwenye mashimo, visima visivyofunikwa, hata mapipa na ndoo. Wengi walikuwa wadogo, ndiyo kwanza wanakimbia. Na wengi walizama asubuhi, mama akipika, akifua au akiwa kazini."

Mama alisimama. "Mbona mimi sikusikia hata sauti?"

"Mtoto mdogo anazama kimya, mama. Dakika chache tu zinatosha. Hakuna mtu anayeweza kufanya kazi na kumtazama mtoto bila kupepesa. Huu si uzembe wa mama mmoja. Yamewapata wengi, saa zilezile, kwa namna ileile."

Mkwe alijifunika uso kwa mtandio. Baba naye akasimama.

"Shimo lile tulichimba sisi," alisema. "Jembe nilishika mimi." Kisha akakaa.

Mwenzake mmoja wa matofali akasema, "Kesho tunayafukia mashimo yote."

Wakayafukia. Visima vikawekewa mifuniko. Maji ya ndoo yakamwagwa baada ya kazi. Stoo ya shule ikatiwa lango, ikawa chumba cha kulelea watoto wadogo kila asubuhi. Walezi walifundishwa kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua mtoto aliyezama, huku mwingine akiita msaada. Mkwe aliomba kufundishwa pia. Akawa mlezi.

Siku moja alimfuata mama jikoni.

"Mwanangu, nilikusema vibaya."

"Nimekusikia, mama," alijibu. Akamsogezea kigoda.

Mwaka uliofuata Bibi Maswali alirudi. Alimkuta mama barazani, anashona.

"Tangu tulipoonana, mtaani kwenu hajazama mtoto hata mmoja," alimwambia.

Mama alisimamisha cherehani. Kutoka chumba cha watoto kelele zilisikika: vicheko, kilio, mtu anagombania kikombe. Alizisikiliza, macho yamejaa machozi.

"Na wangu? Mmeshamfuta?"

"Hapana, mama. Yumo. Bila yeye na wenzake tusingejua pa kuanzia."

Mama alifuta uso kwa kiganja. Akaondoa nguo kwenye kiti cha pili.

"Kaa," alisema. "Uliza."