Kifungio Chenye Samaki

Wewe unayesoma, hiyo saa uliyovaa ilikuwa ya nani kabla yako? Na huyo mtu aliivua mwenyewe?

Jiulize kwanza, halafu nikusimulie yaliyompata binti wa mama yangu mdogo. Dukani wanamwita Injinia, na wanamwita hivyo kwa kumtania, maana digrii ya uhandisi mitambo anayo kweli, first class, imetiwa fremu na kutundikwa juu ya birika la chai. Aliomba kazi kwenye kiwanda cha mabati cha hapa kwetu mara sita. Mara sita wakamjibu we'll get back to you, tutarudi kwako. Wako njiani hadi leo. Basi akaenda kwa mjomba wetu, fundi wa saa za zamani, akakabidhiwa kazi ambayo macho ya mjomba hayaiwezi tena: vifungio vya mikanda ya chuma.

Usiidharau. Saa ya miaka hamsini inaweza kuwa nzima ndani, ikaja kufa kwa sababu kifungio kimechoka, kimeachia, na saa imeangukia sakafu ya saruji. Injinia anasugua uchafu kwa mswaki laini na maji ya sabuni, anabana lenzi jichoni, anatazama kama ulimi wa kifungio umelika, anagusa kila pini kuona kama inacheza, anahesabu pingili za mkanda. Mwisho kuna sheria ya mjomba, isiyo na mjadala: saa hairudi kwa mwenyewe kabla hujaivaa wewe. Unaifunga mkononi, unatikisa mara tatu, unasikiliza. Kifungio kizima husema kach, mara moja tu, kikanyamaza.

Jumatatu moja asubuhi, jua limeshafika mezani, akaingia Mkurugenzi. Wa kiwanda kilekile. Shati jeupe, tumbo limetangulia.

"Hiki kifungio kinaning'ata, binti," alisema akiivua. "Saa ilikaa kwenye droo miaka. Nimeanza kuivaa juzi nilipopandishwa cheo, na kila siku kinanifinya nyama."

"Labda bado hakijakuzoea, bosi," mjomba akatania kutoka kwenye kona yake.

Mkurugenzi akacheka. Injinia hakucheka. Alikuwa ameshakikunjua kifungio chini ya lenzi, na ndani, kwenye bati la katikati, palikuwa na samaki. Samaki mdogo aliyekwaruzwa kwa ncha ya sindano, mkia umepinda kulia.

Mafundi huacha alama zao ndani ya saa walizozitengeneza. Lakini huyu samaki hakuwa wa fundi. Alichorwa na mtoto wa miaka saba, amepakatwa na mjomba wake, siku baba yake alipoileta saa kukazwa pini. Mkia ulipinda kwa sababu mtoto alipiga chafya.

Mtoto huyo ni yeye.

Baba yake alikufa miaka minane iliyopita kwenye rola za kile kiwanda. Ripoti ilikuwa nusu ukurasa: marehemu alikuwa amelewa, aliingia kwenye mashine bila ruhusa. Sahihi tatu chini yake: msimamizi wa zamu, daktari wa kiwanda, na meneja wa uzalishaji, ambaye ndiye huyu Mkurugenzi wa leo. Amelewa! Mtu ambaye hata dawa ya kikohozi ilimlaza usingizi! Mama yangu mdogo aliisoma ile karatasi mpaka ikachanika kwenye mikunjo, na mtaa mzima ukamwita mjane wa mlevi. Kwenye mazishi bosi hata mmoja hakukanyaga, ndiyo maana Mkurugenzi hakumtambua binti aliyemkabidhi saa. Mwili ulirudi umefungwa kabisa. Walipoulizwa saa yake iko wapi, walisema hakuwa amevaa saa.

Injinia akasugua. Akakaza pini. Akahesabu pingili: kumi na mbili. Akaivaa, kama sheria inavyotaka. Chuma kilikuwa na joto, na chini yake ulipiga mshipa ambao haukuwa wake.

Akatikisa mara tatu, akaivua. Mkurugenzi akanyoosha mkono wa kushoto. Injinia akainama kumfunga, mdomo karibu na chuma, akanong'ona.

"Baba, mshike."

Kach.

Jumatano mtu karudi, anafoka. "Mmeipunguza? Nani kawaambia muipunguze? Na haifunguki!"

Injinia akahesabu. Kumi na moja. Pini zote zilikuwa mahali pake, hakuna hata mkwaruzo. Mjomba akaja na koleo, ikateleza. Akarudia, ikateleza. Akapitisha kidole gumba juu ya kifungio, na kidole kikasimama mahali palipobonyea, mahali alipopanyoosha mwenyewe zamani. Akaiweka koleo chini. Mteja alipotoka, akanong'ona:

"Umeifanya nini hii saa, mwanangu?"

"Nimeihudumia, mjomba."

"Na umeiambia nini?"

Injinia akavuta saa nyingine kutoka kwenye trei. Siku hiyo mjomba alifunga duka mapema.

Ijumaa, saa sita mchana, Mkurugenzi aliingia amefunika mkono kwa koti. Vidole vilikuwa rangi ya biringanya. Hospitali walijaribu msumeno, ukavunjika. Wakaleta wa pili, ukavunjika.

Pingili tisa.

"Kata," alisema kwa sauti ya chini. "Kata chuma, mama. Kata chochote."

Injinia akamsogezea karatasi na kalamu. "Andika uliipata wapi."

"Niliinunua. Mnadani."

Kach.

Haikutoka mkononi mwake. Ilitoka kwenye trei. Saa moja iliyokuwa imelala wazi ilikuwa imejifunga. Kisha ya pili. Ya tatu. Kach. Kach. Kach. Trei nzima. Kabati la kioo. Zile za ukutani. Nje magari yalipita, watu walicheka na kuitana. Hakuna sauti yao iliyoingia.

Pingili nane.

"Hakuwa amelewa," Mkurugenzi akanong'ona.

"Andika."

Akaandika, machozi yanadondokea wino. Kwamba rola zilikwama. Kwamba yeye ndiye aliyemwamuru baba wa watu aingie azisafishe. Kwamba zamu ilikuwa inachelewa, akawasha mashine kabla mtu hajatoka. Kwamba alimvua saa mkono ukiwa bado una joto, kwa sababu ilikuwa saa nzuri. Akaweka sahihi.

Kifungio kikafunguka chenyewe. Taratibu. Kama kiganja.

Saa ikaanguka mezani. Mkurugenzi akavuta pumzi, akajifuta uso, akaitazama karatasi. Hofu ilikuwa haijamtoka hata dakika, na cheo kikawa kimeshamrudia.

"Nani atawaamini nyie, wasugua saa?" Akairukia karatasi kwa mkono wa kushoto aikunje.

Vidole havikufunga.

Akajaribu tena. Vilibaki wazi, vimenyooka, vyote vitano, na Injinia akaichukua karatasi. Viko hivyo hadi leo. Madaktari wanasema mishipa ni mizima. Na kwenye ngozi ya kifundo, pale kilipokuwa kifungio, kuna kovu la samaki. Mkia umepinda kushoto, kama picha inavyogeuka ikipigwa muhuri.

Jioni hiyo mama yangu mdogo alimpokea binti yake mlangoni. "Njoo ulione ovaroli la baba yako," alisema polepole. Ovaroli hilo limening'inia nyuma ya mlango miaka minane, hakuna anayeligusa. Mfuko mmoja ulikuwa umevutwa chini. Ndani mlikuwa na pingili nne za chuma, zimelowa grisi mbichi.

Injinia alizirudisha kwenye mkanda. Kumi na mbili. Saa iko kwenye droo ya duka. Kila jioni anakifunga kifungio na kuisikia kach yake. Kila asubuhi anakikuta wazi.

Ripoti ilikuwa na sahihi tatu. Msimamizi wa zamu, na wewe daktari wa kiwanda, mnajijua. Njooni mwandike na nyinyi. Lifuteni lile neno "amelewa", kisha mkaisome karatasi mpya getini pa kiwanda, zamu mbili zikipishana, mama yangu mdogo akiwa amesimama mbele kabisa. Duka linafunguliwa saa mbili asubuhi. Msitufanye tuwafuate.

Njooni na mikono yenu ya kushoto.