Maziwa Yaliyochemshwa Mapema

“Nani amechemsha hii kitu?”

Wangare aliuliza huku ameshika chupa ya siki. Tone moja tu lilikuwa limeyagandisha maziwa yaliyotiwa utomvu wa papai mbele ya Mama Surinder, mwenye duka la dawa pale Nakuru. Miezi sita Wangare alikuwa akijitapa kwa mchanganyiko huo, na alikuwa na haki. Utomvu wa papai una kimeng'enya kinachokatakata protini ya maziwa, na hiyo protini iliyokatwa ndiyo dawa yenyewe ndani ya losheni yake ya uso. Ikishakatika vizuri, siki haigandishi kitu.

“Wangare, order ya Nairobi inaondoka kesho,” Mama Surinder akasema. “Kama haifanyi, ile karakana niliyokuahidi ya kutengenezea losheni nampatia mtu mwingine.”

“Inafanya, Mama. Utomvu unataka joto la chai ya kunyweka, masaa manne. Ukichemshwa kabla ya hapo, unakufa.”

Wote wawili wakamgeukia Mathenge, aliyesimama kando ya jiko. Huyu mchumba wa Wangare ndiye aliyeleta maziwa kutoka Molo asubuhi, akaachiwa jiko Wangare alipokimbia posta.

“Labda alisahau,” Mama Surinder akasema. “Watu wa Molo kila maziwa wanachemsha.”

Mathenge angeitikia tu, yangeisha. Wangare alimpenda mno, na aliogopa kumsikia akidanganya, maana alikuwa amemfundisha mwenyewe mara tatu kwamba yasichemshwe.

“Sikusahau,” Mathenge akasema. “Nilifanya makusudi. Ukipewa karakana hutakuja kuishi Molo, na nyumba nimeshajenga.”

Wangare aliiweka chupa ya siki mezani kwa kishindo.

“Kwa hivyo ukaamua kuniaibisha?”

“Ndiyo. Nimekukosea.”

Mama Surinder akatazama saa yake; ilikuwa saa tano.

“Mko na mpaka saa kumi.”

Wangare hakupoteza dakika. Alipima maziwa mengine, akatia utomvu, akampa Mathenge mwiko.

“Koroga. Kidole kikiungua, toa motoni.”

Saa kumi siki ikaingia. Hakukuwa na bonge hata moja. Mama Surinder akamkabidhi Wangare ufunguo wa karakana bila hotuba.

Walipotoka nje, Mathenge akauliza kwa sauti ya chini:

“Na harusi?”

“Iko. Lakini mimi nitaishi Nakuru. Na ukiogopa kitu tena, niambie kwa mdomo.”

“Nikikataa?”

“Basi tutasalimiana tu ukileta maziwa.”

Mathenge akatazama nyumba za ng'ambo ya barabara.

“Kesho nitaanza kuulizia nyumba ya kupanga hapa.”

Hapo ndipo Wangare alipomshika mkono.